Yanga ya Mwaka Themanini na Nne

Pamba ilikuwa bado inatoka na rangi ya kahawia. Nikachovya nyingine kwenye spiriti, nikaipitisha polepole juu ya hedi ya deki, kile kichuma kinachosoma utepe, kuelekea upande mmoja tu, kama unavyomfuta mtoto jicho. Deki yenye hedi chafu haikwambii kwamba ni chafu. Inakunyima sauti kidogo kidogo mpaka unaamini kosa ni la kaseti.

Nilipokuwa nasubiri spiriti ikauke ndipo nilipoichukua kaseti ya Mzee Piusi na kuitazama mgongoni.

Kaseti ina vijino vidogo vya plastiki mgongoni, kimoja kwa kila upande. Ukikivunja, mashine haikubali tena kurekodi upande huo, na kilichomo kinabaki salama. Akija mtu mwenye mawazo mengine, anaziba lile tundu kwa karatasi au selotepu, mashine inadanganyika, anarekodi anachotaka. Kaseti hii ilikuwa imevunjwa jino la upande wa kwanza. Halafu tundu lake lilikuwa limezibwa kwa kipande cha karatasi kilichokunjwa vizuri na kushindiliwa ndani kwa ncha ya kitu kikali.

Kuna mtu aliwahi kuamua kwamba wimbo uliomo humu usiguswe. Na kuna mtu, huyo huyo au mwingine, alikuja kuugusa.

Kazi hii nilipewa na Emilian, mtangazaji wa redio moja ndogo hapa Karatu. Jumamosi ana kipindi kuhusu mwaka elfu moja mia tisa themanini na nne, mwaka ambao, kwa maneno yake, muziki wa Karatu ulizaliwa. Mgeni wake ni Mzee Piusi, na wimbo wa kipindi ni ule wa Mzee Piusi. Mimi nilitakiwa niusafishe tu.

"Mama Joshua, usiuguse sana," aliniambia. "Toa makelele, uniachie utamu."

Ukimuuliza mtu mzima yeyote wa hapa kuhusu muziki wa zamani atakutajia mwaka huo. Nimewahi kuwauliza kwa nini. Mama wa genge la jirani alisema ni kwa sababu mvua zilirudi. Fundi cherehani anayekaa naye kibaraza kimoja alisema hazikurudi. Mwalimu mstaafu alisema bendi zilikuwa nyingi, lakini nilipomwomba anitajie, alitaja moja na kuirudia kwa jina lingine. Kidogo kidogo nikaanza kuushuku mwaka wenyewe. Ulikuwa mwaka wa njaa. Sabuni ilikuwa ya kutafuta, betri za redio zilikuwa za kutafuta. Watu wenye njaa walipata wapi nguvu ya kuzaa muziki, na kwa nini mwaka huo, siyo uliotangulia au uliofuata wakati watu wameshiba?

Wimbo wenyewe kila mtu anaujua. Unaanza na gitaa, halafu Mzee Piusi anaingia kwa sauti ya ujana wake: *Yanga imefika, jipangeni. Yanga imefika, jipangeni.* Vijana wa bodaboda waliupata kwenye simu mwaka juzi, wakaufanya wimbo wa mpira. Timu ya Yanga ikishinda, mtaa mzima unawaimbia wapinzani kwamba wajipange. Walimtafuta Mzee Piusi, wakamvalisha kofia ya kijani na njano, na tangu hapo hajaivua. Akiulizwa, anasema ndiyo, aliwatungia Yanga, siku hizo walikuwa moto.

Kuna sauti ya mwanamke kwa mbali nyuma yake. Hiyo nayo akiulizwa, ana jibu. "Msichana mmoja wa Arusha. Alipita tu."

Jibu hilo halikumsumbua mtu mpaka alipokuja Bernadina. Bernadina analima vitunguu Baray, na huja Karatu siku za mnada. Mama yake, Selina, alifariki mwaka jana. Siku ya matanga kijana mmoja alipiga wimbo huo kwenye simu, Bernadina akasema mbele ya ukoo mzima kwamba anayeimba nyuma ni mama yake, kwamba mama mwenyewe alimwambia, tena mara nyingi, na mara ya mwisho akiwa kitandani. Watu wakacheka. Shemeji yake akamuuliza, "Kwani mama yenu alichezea Yanga namba ngapi?"

Aliponisimulia hayo, kwenye mnada uliopita, nilimwambia kaseti ikifika nitasikiliza. Moyoni nilijua kwamba mtu aliyefiwa husikia sauti ya marehemu hata kwenye bomba la maji.

Hedi ilikuwa imekauka. Nikaweka kaseti, nikavaa hedifoni, nikabonyeza.

Kwa mara ya kwanza niliusikia wimbo bila simu katikati. Gitaa lilikuwa mbele, safi. Mzee Piusi alikuwa mbele. Mwanamke alikuwa nyuma kabisa, ncha za maneno zimelika, kama mtu anayeimba chumba cha pili mlango umefungwa. Nilishuku jambo moja nikalitupa, nikashuku lingine. Mwitikiaji akisimama mbali na kinasa sauti, bado unasikia nyuma yake mwangwi wa mahali pale pale alipo mwimbaji wa mbele. Huyu alikuwa na mahali pake.

Gitaa likafika mwisho. Ikasikika *tak* ya kitufe. Kwenye simu za watu wimbo unaishia hapo.

Kaseti haikuishia hapo. Baada ya ile *tak*, yule mwanamke alikuja mbele ghafla, sauti nzima, karibu kabisa na sikio langu, na kando yake zeze. Gitaa hakuna. Mzee Piusi hakuna. Aliimba mstari mmoja ambao sijawahi kuusikia. Katikati yake mtoto akalia, watu wengi wakacheka, mwanamke akamnyamazisha mtoto bila kuacha mdundo, akaumalizia mstari. Kisha kimya.

Nikarudisha nyuma. Nikasikiliza tena. Kisha nikavua hedifoni, nikaenda mlangoni kutazama magari ya watalii yakipanda kuelekea geti la hifadhi, maana nikiwa na haraka ya kusema jambo huwa najilazimisha kusimama kwanza.

Sauti ile haikuwa nyuma. Ilitangulia. Mwanamke aliimba na zeze, kaseti ikavunjwa jino ili asifutwe. Baadaye mtu akaziba tundu, akarekodi gitaa na sauti yake juu ya ile ya mwanamke, na aliposimamisha mashine, mkia wa ule wimbo wa kwanza ukabaki haujaguswa. Hilo sikuwa na shaka nalo. Shaka yangu ilikuwa nyingine. Mashine ya kaseti ina hedi ya kufutia, nayo hufuta kila inachopita kabla ya kurekodi kipya. Ili sauti ya mwanamke ibaki hata kwa mbali, lazima hedi ile ilishindwa kazi, au ilizuiwa. Ikiwa ilishindwa, basi Mzee Piusi alikusudia kumfuta mwanamke na mashine ikamsaliti. Ikiwa ilizuiwa, ni habari nyingine. Kaseti haikuweza kuniambia ni ipi.

"Hodi, Mama Joshua."

Alikuwa Bernadina, vumbi la mnada mpaka kwenye nyusi, na mfuko mkononi.

"Karibu. Vitunguu vimeisha?"

"Vimebaki vya kuoza na vya kukuletea wewe."

"Natumaini ni mifuko miwili tofauti."

Alicheka, akauweka mfuko chini, akaiona kaseti ndani ya deki. Kicheko kikakatika. "Umeshasikiliza."

"Kaa kwanza."

"Usinikalishe kama daktari mwenye majibu mabaya. Sema."

"Kabla sijasema, niimbie wimbo wa mama yako. Siyo huu wa kwenye simu. Wa kwake, alivyokuwa anauimba nyumbani."

Alinitazama. "Unanipima."

"Ndiyo, nakupima."

Sikuona sababu ya kumficha. Kaseti ilikuwa imekaa kwenye sanduku la Mzee Piusi miaka yote, na kilichotoka kwenda kwenye simu kilikatwa kwenye ile *tak*. Kama Bernadina alikuwa anajua mkia wa wimbo, aliupata kwa mtu aliyekuwepo.

Alifuta mikono kwenye kitenge ingawa hakuna alichokuwa anashika. Akaimba kwa sauti ndogo, ameangalia mlango:

*Yanga imefika, jipangeni. Karani nipimie na wa mgongoni, naye ana tumbo.*

Huo ndio ulikuwa mstari. Nikampa hedifoni.

Alisikiliza amefumba macho. Alipofika kwenye *tak* akashtuka, akafumbua. Niliona midomo yake ikimfuata mwimbaji. Kisha akavua hedifoni sikio moja.

"Nani anayelia?"

"Mtoto."

"Nasikia, mtoto. Wa nani?"

"Hilo silijui," nilisema. "Mzee Piusi tutamuuliza. Anakuja kuchukua kaseti yake."

"Nitampasulia hiyo kofia."

"Hutampasulia. Utakaa hapo, utaniacha niulize mimi. Ukimwambia tulichosikia, atajibu tulichosikia. Nataka aseme mwenyewe."

Mzee Piusi alifika jua likiwa limeanza kuegemea mlima Oldeani, kofia kichwani, fimbo kwapani. Yeye ni Mnyaturu wa Singida. Alikuja kuchuma kahawa mashamba ya huko juu akiwa kijana, hakurudi. Tulimwamkia. Alimtambua Bernadina, nikaona anachagua kiti cha mbali naye.

"Binti wa Selina. Pole sana na msiba. Sikuweza kuja, miguu hii."

"Asante, mzee. Kofia nzuri."

"Vijana wamenivalisha."

"Na mikono ya kuivua nayo waliichukua?"

"Bernadina," nilisema, nikamgeukia mzee. "Nataka kuusafisha vizuri, ila lazima nijue mlivyorekodi. Mlikuwa na mashine gani?"

Swali la mashine lilimfurahisha. "Redio kaseti ya karani wa shamba. Peke yake shamba zima! Ilikuja mwaka huo, na mwaka uliofuata karani akahamishwa, akaondoka nayo. Kaseti ndiyo hii moja aliyoniachia."

"Kwa hiyo kabla ya hapo hakuna aliyerekodi?"

"Kwa kutumia nini?"

"Na baada ya hapo?"

"Mama Joshua, nimekwambia aliondoka nayo."

Miaka yote watu wanaubishania mwaka ule, mvua zilirudi, hazikurudi. Kumbe huenda watu hawa waliimba kila mwaka, na mwaka mmoja tu ndio uliokuwa na sikio.

"Bendi yenu ilikuwa watu wangapi?"

"Bendi?" Alicheka, meno machache. "Foleni ndiyo ilikuwa bendi. Njaa ilituleta wote pale, Singida, Dodoma, Mbulu, kila mtu na lugha yake. Yanga ikifika, ule unga..." Akasita. Mkono ukaenda kwenye kofia.

"Unga gani, mzee?" niliuliza.

"Unga wa njano. Mahindi ya msaada, tuliyaita yanga. Nyie watoto mmeyasahau." Alijaribu kutabasamu. "Likifika lori, karani anapiga kelele, jipangeni! Ndiyo mnasimama kwenye mstari tangu asubuhi. Mgogo ana zeze, wengine wanapiga madebe waliyokuja nayo kupimiwa. Mtafanya nini tena? Mnaimba."

"Kwa hiyo siyo timu," alisema Bernadina.

"Vijana walifurahi. Ningewaambia wanacheza njaa?"

"Mlirekodi foleni nzima kwa wakati mmoja?" nilimwahi, kabla hawajaanza.

Hapo ndipo alipogundua ninakokwenda. Aliitazama deki, akanitazama mimi. Mimi nilikuwa nakunja waya wa hedifoni. Nilikuwa tayari kusikia uongo, na uongo wenyewe nilikuwa nimeshauandaa kichwani: mashine ilikuwa mbovu, sikumbuki, ni zamani.

"Mara mbili," alisema. "Kwanza foleni. Jino alilivunja karani mwenyewe, alipenda vile alivyotajwa kwenye wimbo, akasema huu usifutwe. Mimi nilipopata gitaa, nikamwomba mashine. Nikaziba tundu. Halafu nikakata ile karatasi ya kung'aa ya paketi ya sigara, nikaibandika kwenye hedi ya kufutia. Ili asifutike."

Sikuwa nimetaja hedi ya kufutia. Hilo nililipima upande wake, likawa na uzito. Lakini kuna upande wa pili pia. Mtu anaweza kukihifadhi kitu kwa sababu anakithamini, au kwa sababu bila hicho hajui wimbo unakwenda wapi.

"Asifutike nani?" aliuliza Bernadina.

Mzee alitazama fimbo yake.

"Mzee Piusi. Nani?"

"Baba yako alikuwa katekista," alisema. "Mke wa katekista anaimba na wanaume wa kambi ya wachuma kahawa, mtoto mgongoni, anamsema karani wa Mzungu mwenye shamba! Mama yako mwenyewe aliniambia, wakiuliza, sema ni msichana wa Arusha. Tulicheka. Tulikubaliana."

"Baba alikufa miaka ishirini iliyopita."

"Najua."

"Na baada ya hapo? Aayo hakuja kwako?" Aayo ni mama kwa Kiiraqw, na lilimtoka bila kutaka; alikuwa amekaza Kiswahili chake muda wote.

"Alikuja."

"Akasema nini?"

"Sasa unaweza kusema, Piusi. Hivyo tu."

"Nawe?"

"Nilimwambia nitasema kesho." Alivuta pumzi. "Kulikuwa na watu nyumbani siku ile. Walikuja kwa ajili ya wimbo."

Nje lori la mnada lilipita limejaa mbuzi na watu, likatutikisia dirisha. Nilimtazama mzee nikashindwa kumpa jina. Nilishindwa kumwita mwizi, maana mwizi hakati karatasi ya sigara. Nilishindwa kumwita rafiki wa Selina pia.

"Huyo mtoto anayelia," alisema Bernadina, taratibu kuliko nilivyotegemea.

"Ni nani tena kama siyo wewe? Ulituharibia rekodi nzima! Tunaanza, unalia. Tunaanza, unalia. Karani anasema betri zangu zinaisha, mnyonyesheni huyo au mtoeni kwenye foleni." Alicheka, akaona Bernadina hacheki, akaacha. Halafu Bernadina akacheka yeye, kidogo, kwa pua, macho yamejaa. "Ndiyo mama yako akaja na ule mstari. Haukuwepo. Aliutunga pale pale, kwa hasira, kwa sababu karani hakuwa anapimia watoto wa mgongoni."

"Jumamosi utasema haya?" niliuliza.

"Nitasema."

"Kwenye redio, Emilian akikuuliza kuhusu Yanga na vijana wamejaa nje?"

"Nimesema nitasema."

Huenda alimaanisha. Sikuwa na sababu ya kukataa, wala ya kukubali. Nikafungua droo, nikatoa kaseti mpya, moja ya chache nilizobakiza, nikaiweka kwenye deki na kuchomeka kipaza sauti.

"Sema hapa kwanza."

"Sasa hivi?"

"Emilian aliniomba nisafishe wimbo. Ukiwa na maelezo yako mwanzoni utakuwa msafi zaidi."

Alitazama mlango. Bernadina alikuwa amehamisha kiti chake, na sasa kilikuwa kati ya mzee na mlango. Nikabonyeza.

Alianza vizuri. Alijitaja jina, akaitaja Singida, akaitaja kahawa. Akaeleza lori, na unga wa njano, na vile neno jipangeni lilivyokuwa la karani kabla halijawa la mtu mwingine yeyote. Sauti yake ilikuwa imara mpaka alipofika kwenye foleni. Akasema, "Mbele yangu alisimama mama mmoja, mwembamba, mwenye mtoto mgongoni." Utepe ukazunguka mtupu. Nilimwona anatafuta njia ya kupita kando, na anaona hakuna.

"Selina," alisema.

Kisha akakohoa, nikampa maji, akajaribu tena, ikatoka hewa tupu. Nikasimamisha mashine.

"Nimechoka, mama," alisema. "Kilichobaki nitamalizia kesho."

Alipolitamka lile neno alilisikia mwenyewe. Bernadina naye alilisikia. Alisimama, akamsogelea, nami nikanyanyuka kwenye kiti changu nikikumbuka alivyosema kuhusu kupasua. Hakupasua. Aliivua ile kofia kichwani mwa mzee kwa mikono miwili, taratibu, akaikunguta vumbi, akaiweka juu ya deki yangu.

"Hii inalala hapa," alisema. "Kesho ukija utaikuta."

"Baridi ya Karatu unaijua, mwanangu."

"Naijua. Njoo mapema."

Mzee alijipapasa upara, akasimama, akatuaga. Tulimtazama akivuka barabara polepole, kichwa kinang'aa, na kijana mmoja wa bodaboda akampigia kelele kutoka kijiweni, "Mzee wa Yanga! Kofia umeiweka wapi?" Hakugeuka. Kama hakusikia au hakutaka kujibu, kwa mbali ule sikuweza kujua.

Bernadina alisema atalala kwa dada yake Bwawani na asubuhi atakuwa hapa kabla sijafungua. Aliniachia vitunguu. Vilikuwa vizuri vyote.

Nikabaki na kaseti mbili. Ile ya zamani niliitoa karatasi kwenye tundu, nikaifunga ndani ya bahasha. Ile mpya niliigeuza mgongoni, kidole kikiwa tayari kwenye kijino, maana jina lilikuwa limo ndani na mkono wangu ulitaka kulilinda. Nikajizuia. Ukivunja jino, hakuna anayeweza kufuta, lakini pia hakuna anayeweza kuendelea, na mzee alikuwa amefika kwenye jina tu. Hakusema alifanya nini, wala nani alitunga.

Sikukivunja. Kaseti niliitia kwenye pochi yangu, siyo kwenye droo, nikaifunika deki kwa kitambaa na kofia juu yake, nikafunga duka.